SOMO: Kupandikiza figo, mambo ya kujua kabla hamjafunga safari kutoka Mwanza

Mwangaluka ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, na poleni na majukumu.

Somo hili mmeniomba muda mrefu. Mimi si daktari wala muuguzi, ni mtoa figo. Figo yangu ya kushoto anayo mdogo wangu wa kiume, na haiko mgongoni kama tulivyozoea kuona kwenye michoro ya shuleni. Imewekwa mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, juu kidogo ya kinena. Akilala chali unaipapasa kwa vidole. Figo zake mbili za zamani hazikutolewa, zipo palepale zimesinyaa. Kwa hiyo ana figo tatu, inayofanya kazi ni moja.

Kabla ya kuugua alikuwa mnunuzi wa dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Presha ilimla figo kimyakimya, na siku tulipojua zilikuwa zimekwisha. Akasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila safari. Mkojo ulikuwa umekatika, kwa hiyo kila alichokunywa kilibaki mwilini hadi siku ya mashine. Mtu aliyezaliwa na kukulia ufukweni akawa anapimiwa maji kwa kikombe. Jioni alikaa barazani anafyonza kipande cha barafu huku analitazama ziwa. Hilo sijalisahau.

Familia nyingi zinaponipigia, swali lao la kwanza ni "nani atoe?" Mimi naona maswali mawili yanatangulia hilo. La kwanza: dawa za mwaka wa tatu zitalipwa na nani? La pili: huyo anayesema atatoa, amesema mwenyewe au amesemewa? Somo langu lote limejengwa juu ya hayo mawili.

Hatua ya 1: Jueni ugonjwa ulipofikia

Huku kwetu tunasema "anasafishwa figo". Mashine haisafishi figo, inasafisha damu kwa niaba ya figo zilizochoka, na haiziponyi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimekutana na familia zinazosubiri figo "zikisafishika" mgonjwa arudi nyumbani. Miezi inakatika, pesa inakwisha, na mazungumzo ya kupandikiza hayajaanza.

Muulizeni daktari wa figo maswali matatu. Figo zimefikia kiwango gani cha uchujaji? Zimeharibiwa na nini? Je, mgonjwa wetu anafaa kupandikizwa? Kiwango kikishuka chini ya 20 (mililita kwa dakika), mazungumzo ya kupandikiza yanapaswa kuanza hata kama mgonjwa bado anatembea na kufanya kazi. Akipata ndugu wa kumpa mapema, anaweza kupandikizwa bila kupitia mashine kabisa, na wanaopandikizwa hivyo huwa wanaendelea vizuri zaidi. Wengi wetu tunachelewa kwa sababu tunasubiri azidiwe.

Si kila mgonjwa anafaa. Moyo uliochoka sana, saratani ambayo haijatibiwa, maambukizi yaliyo hai kama kifua kikuu, haya husimamisha safari kwanza. Hata meno! Mdogo wangu alirudishwa kung'oa jino lililooza, kwa sababu baada ya upasuaji kinga hushushwa kwa dawa, na usaha mdogo wa jino unaweza kugeuka ugonjwa wa kuua. VVU peke yake si mlango uliofungwa kitabibu. Afrika Kusini walianza mwaka 2008 kuwapandikiza figo wagonjwa wenye VVU.

Kwa wanaosubiri kwenye mashine, lindeni mkono wenye fistula. Ni mshipa wa ateri uliounganishwa na mshipa wa vena ili sindano za mashine zipate damu ya kutosha. Mama yangu aliposikia "fistula" alilia, akidhani ni ile ya akina mama waliopata shida ya uzazi. Jina ni moja, jambo ni tofauti. Ukiweka kiganja juu ya mkono ule unasikia mtetemo kama paka anayekoroma. Mguseni kila asubuhi. Mtetemo ukipotea, ni hospitali siku hiyohiyo. Na mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi ndoo.

Jambo jingine la wakati wa kusubiri ni kuongezewa damu. Kila chupa ya damu inaweza kuufundisha mwili wa mgonjwa kuchukia nyama ya watu wengine, na hapo kumpata mtoaji anayekubalika kunakuwa kugumu. Ikibidi, anaongezewa. Lakini ulizeni kwanza kama sindano za kuuchochea mwili utengeneze damu yake wenyewe, pamoja na madini ya chuma, haziwezi kufanya kazi hiyo.

Hatua ya 2: Kikao cha familia

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Hapa nchini anayepandikizwa anapokea figo ya ndugu aliye hai. Hakuna ghala la figo. Kwa hiyo ni lazima ndugu wakae, na sisi Wasukuma tukikaa, tunakaa kweli: baba wakubwa, shangazi, wajomba, hadi jirani mwenye gari. Katika kikao chetu mjomba alimnyooshea kidole mdogo wetu wa mwisho, kijana wa miaka 19, akasema, "Huyu hana mke wala mtoto, atoe huyu." Kijana akainamisha kichwa. Kila mtu akachukulia kwamba amekubali.

Hakuwa amekubali. Usiku alikuja chumbani kwangu akitetemeka. Ndipo nilipoamua kupima mimi.

Kwa hiyo msifanye kikao cha kuteua. Fanyeni kikao cha kueleza: ugonjwa ni huu, tiba ni hii, mtoaji anapitia haya. Kisha mseme wazi kwamba anayetaka kupima aende mwenyewe, kwa wakati wake, na asiyetaka haulizwi sababu. Asiwepo mtu wa kusema "ukikataa na akifa, damu yake iko juu yako". Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu katika nyumba zaidi ya moja.

Na wasichana wasisukumwe mbele kwa sababu tu "wao wataolewa, wanaume wana majukumu". Figo ya mwanamke ina kazi ileile.

Hatua ya 3: Vipimo vya mtoaji

Mtoaji awe mtu mzima, miaka 18 kwenda juu, mwenye afya. Mwenye kisukari, presha isiyotulia, mjamzito, au mwenye dalili za ugonjwa wa figo hapiti.

Kinaanza kipimo cha kundi la damu. Mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote, A humpa A au AB, B humpa B au AB. Ile chanya na hasi tunayoihofia kwenye ujauzito haihusiki na figo. Baadaye zinapimwa alama za tishu, zile ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua nyama ya mgeni. Mzazi na mtoto hulingana nusu. Kwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni 1 kati ya 4, nusu ni 2 kati ya 4, na kutolingana kabisa ni 1 kati ya 4. Kutolingana kabisa siku hizi hakuzuii, dawa zimesaidia. Kinachozuia zaidi ni kipimo cha mwisho, ambapo damu ya mgonjwa inachanganywa na chembe za mtoaji. Zikishambuliwa hapo maabara, zitashambuliwa na tumboni.

Halafu kuna dumu. Utapewa chombo cha kukusanya mkojo wa saa 24. Ule wa kwanza wa asubuhi unaumwaga, ukianzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu, mpaka na ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Mimi nililibeba dumu langu kwenye daladala ndani ya kikapu, nimelifunika kwa khanga. Ukisahau mara moja, anza upya, usidanganye. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha kama figo utakayobaki nayo itakutosha. Mwisho kuna picha ya CT ya mishipa. Mara nyingi huchukuliwa figo ya kushoto kwa sababu mshipa wake wa vena ni mrefu, rahisi kuunganisha.

Hatari kwa mtoaji ipo, nami sitaificha. Kufa kwenye upasuaji huo ni nadra, takriban watoaji 3 kati ya 10,000 kwa takwimu za Marekani za hadi mwaka 2009, na za karibuni ziko chini ya hapo. Figo inayobaki inanenepa na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Uwezekano wa mtoaji kuugua figo uzeeni ni mdogo, lakini ni mkubwa kidogo kuliko kama asingetoa. Ndiyo maana kila mwaka napima presha, kreatinini (taka ya kwenye damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja) na protini kwenye mkojo, na nitapima hadi naingia kaburini. Familia yenye bajeti ya mgonjwa bila bajeti ya kliniki ya mtoaji imemsahau mtu mmoja.

Nikitaka kumpa mtu moyo huwa namsimulia habari za mapacha wa Boston. Tarehe 23 Desemba 1954 daktari Joseph Murray alichukua figo ya Ronald Herrick akampandikiza pacha wake, Richard. Ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa figo kufanikiwa, na ulifanikiwa kwa sababu walikuwa mapacha wa kufanana. Mwili wa Kulwa haukuona tofauti na nyama ya Doto. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Ronald, aliyetoa, aliishi na figo moja miaka 56, akafariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79.

Hatua ya 4: Uthibitisho wa undugu

Andaeni vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, barua ya serikali ya mtaa. Hospitali itataka kuhakikisha kwamba mtoaji ni ndugu kweli na hajanunuliwa. Kipimo cha vinasaba kikihitajika, kazi hiyo iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Angalizo la upole: kipimo hicho husema ukweli wote. Kama katika familia kuna siri ya nani ni mtoto wa nani, mama azungumze na daktari faraghani kabla damu haijatolewa.

Kununua figo ni marufuku kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, na hata wanaokwenda India wanapita mbele ya kamati inayohoji mtoaji na mpokeaji. Mtu akikupigia simu kwamba ana figo ya kuuza, au anataka "kijana mwenye afya wa kupeleka nje", kata simu.

Hatua ya 5: Pesa, kwa mpangilio wake

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo njia ilikuwa India. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, walifanya wa kwanza Mulago Desemba 2023. Kwa sisi wa Mwanza, Geita, Simiyu na Mara, safari nyingi huanzia kwa daktari wa figo hospitali ya Bugando na barua ya rufaa.

Ombeni makadirio kwa maandishi. Ulizeni bima inalipa nini na hailipi nini, nayo kwa maandishi. Kisha pigeni hesabu ya yale ambayo hayaandikwi: chumba cha kupanga karibu na hospitali kwa miezi kama mitatu, kwa sababu baada ya kuruhusiwa kutoka wodini, kliniki ni mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja. Nauli za wasindikizaji. Chakula. Kipato cha mtoaji atakayekaa bila kazi wiki 4 hadi 6, na kama ni mbeba mizigo au mvuvi wa kuvuta nyavu, zaidi ya hapo.

Mkimaliza, geuzeni ukurasa muandike "Dawa, kila mwezi, mwaka wa 1, wa 2, wa 3". Nani analipa? Harambee inachangisha upasuaji kwa sababu upasuaji unasikika. Mwezi wa ishirini hauna harambee. Nilimjua kijana mmoja wa huku aliyepandikizwa vizuri kabisa, akaanza kumeza kidonge kimoja badala ya viwili ili vifike mwisho wa mwezi. Hakumwambia mtu. Amerudi kwenye mashine, na figo ya mama yake imekwenda.

Hatua ya 6: Mambo ya ziwani

Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi hulipita hili haraka, sisi hatuwezi. Mtu wa pwani ya Ziwa Victoria amekanyaga maji tangu utoto, na kichocho kiko mwilini mwa wengi bila dalili. Kuna kinachokaa kwenye mishipa ya utumbo na kuharibu ini, na kuna kinacholeta mkojo wa damu, kikakakamaza kibofu na mirija ya mkojo. Mgonjwa na mtoaji wote wapimwe na kutibiwa kwa prazikwanteli kabla. Mwambieni daktari wa Dar au Dodoma waziwazi, "sisi ni watu wa ziwani", asikisahau.

Kuna pia mnyoo mdogo unaopenya kwenye ngozi ya miguu, strongiloidi, unaoweza kukaa mwilini miaka mingi ukiwa mpole. Kinga ikishushwa unazaliana kupita kiasi na unaua. Unatibiwa kwa ivamektini, vidonge vichache tu, kabla ya upasuaji. Chanjo ya homa ya ini B ikamilishwe mapema pia, kwa sababu baada ya upasuaji chanjo hazishiki vizuri, na zile zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, haziruhusiwi tena.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Upasuaji huchukua muda wa saa 3 hadi 4 hivi. Sisi tulilala vyumba viwili jirani. Mtoaji hukaa wodini siku chache, mpokeaji zaidi. Nilipopata fahamu nilimuuliza muuguzi, "Imekojoa?" Akaniambia mkojo ulianza kutoka angali mezani. Siku ya pili walinisukuma kwa kiti cha magurudumu kwenda kumwona, na sikumwangalia usoni kwanza. Niliangalia mfuko uliokuwa unaning'inia pembeni ya kitanda. Mkojo wa rangi ya chai nyepesi, unajaa huku naona. Juu ya kabati palikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu, tupu. Alikuwa ameimaliza yeye.

Hatua ya 8: Vidonge

Mwili hauisahau figo ya mgeni hata baada ya miaka 10. Dawa ndizo zinazoushika mkono usishambulie. Kwa kawaida ni tatu: takrolimusi, maikofenoleti na predinisoloni. Takrolimusi inamezwa kila baada ya saa 12 bila kuruka. Mdogo wangu humeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na simu inalia hata akiwa kanisani.

Siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu, *usimeze dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe*. Ibebe, umeze baada ya sindano. Ukimeza kwanza, kipimo kitasoma juu, daktari atapunguza dawa, na figo itabaki bila ulinzi.

Ukiwa safarini, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiende kwenye buti. Tulipokuwa tunarudi Mwanza begi letu liliwekwa buti, basi likaharibika usiku mbali na mji, na kondakta akakataa kufungua mpaka fundi afike. Dozi ya saa mbili ilimezwa saa saba usiku. Haikuleta madhara, lakini nilizeeka.

Duka la dawa ni hatari kuliko mnavyodhani. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaumiza figo. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli zinapandisha takrolimusi hadi kuwa sumu. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha hadi kuwa kama hakuna, kwa hiyo mgonjwa akigundulika na TB, daktari wa figo ajulishwe kabla ya kidonge cha kwanza. Balungi aliache kabisa. Na mitishamba yote, hata ile ya bibi iliyomponya kila mtu kijijini, ibaki kwa bibi.

Dalili za mwili kuikataa figo: mkojo kupungua, uso na miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, presha kupanda, homa, maumivu mahali figo ilipo. Mara nyingi hakuna hata moja, ni kreatinini tu inapanda kwenye karatasi. Kwa hiyo kliniki haisubiri mtu ajisikie vibaya. Ikigundulika mapema, ipo dripu ya dawa kali inayoweza kuituliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Kulwa, Buswelu: Shikamoo dada. Mwanangu akishapandikizwa anaweza kurudi kwenye biashara ya samaki? Ndiyo kazi anayoijua.

Marahaba mama. Anaweza, baada ya daktari kumruhusu, mara nyingi miezi kadhaa. Lakini asiingie majini. Apokee mzigo nchi kavu, avae buti za mpira, asioshee miguu ziwani. Mdogo wangu amerudi Mwaloni, ila sasa anapima na kuandika, kuanika kunafanywa na vijana. Chandarua kila usiku, maana malaria kwake si homa ya siku tatu. Maji ya kunywa yachemshwe. Sato na sangara ale, waive vizuri.

Mwalimu, Magu: Figo hii inadumu milele?

Hapana, mwalimu. Ya ndugu aliye hai hudumu kwa wastani miaka 15 hadi 20, nyingine hupita hapo, nyingine hufa mapema kwa kukosa dawa. Ikichoka, mtu anarudi kwenye mashine au anapandikizwa tena. Waambieni wagonjwa hili kabla, wasije wakalisikia siku linapotokea.

Binti wa Nyegezi: Nina miaka 27, mama amekubali kunipa. Nitaweza kuzaa?

Wengi wamezaa, mdogo wangu. Subiri angalau mwaka mmoja baada ya upasuaji, figo ikiwa imetulia. La muhimu zaidi ni kwamba maikofenoleti huharibu maumbile ya mimba. Lazima ibadilishwe wiki 6 au zaidi kabla ya kushika mimba, na daktari ndiye anayebadilisha, si wewe. Mpaka hapo tumia uzazi wa mpango. Mzungumze na mumeo au mchumba mapema.

Mke wa Sengerema: Mume wangu ndiye mgonjwa. Tuna watoto wanne. Naweza kumpa, na baadaye nikazaa tena?

Kundi la damu likiruhusu, na hospitali ikikubali mwanandoa, kitabibu inawezekana. Ingekuwa wewe ndiye mgonjwa na yeye mtoaji, kungekuwa na mtihani zaidi, kwa sababu mimba hufundisha mwili wa mama kuzitambua alama za baba wa watoto. Kuzaa baada ya kutoa kunawezekana, ukisubiri kama mwaka, ila hatari ya presha ya mimba inaongezeka kiasi, kwa hiyo kliniki ya wajawazito uanze mapema. Nikuombe jambo moja: watoto wanne, baba na mama wote wodini kwa wakati mmoja. Nani atakuwa nyumbani? Panga hilo kabla ya vipimo. Angalau siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, mgonjwa wa kuja mashine hasubiri tena kivuko.

Ustaadh, Mabatini: Wapo wanaosema kutoa kiungo ni kubadili maumbile ya Mungu.

Nakuheshimu, ustaadh, na pengine unalijua kuliko mimi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kwa masharti: mtoaji asiangamie, aridhie, na kiungo kisiuzwe. Upande wetu Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumza na madaktari wa upandikizaji huko Roma mwaka 2000, akausifu utoaji kuwa tendo la upendo na kukemea biashara. Mgonjwa mwenye wasiwasi akae na kiongozi wake wa dini kabla ya kusaini, si baada.

Baba Neema, Igoma: Binti yangu ana selimundu. Nasikia kuna kupandikiza na huko.

Ni jambo tofauti, kaka. Huo ni uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mtoaji hapasuliwi wala hapungukiwi, uloto hujirudisha. Shida ni kwamba hapo kulingana kunatakiwa kuwe kamili, kwa hiyo hutafutwa ndugu wa tumbo moja, na nafasi ni ile 1 kati ya 4. Benjamin Mkapa wanafanya kwa watoto wenye selimundu. Anza na kliniki yake ya selimundu, uombe rufaa akiwa bado mdogo, kabla ugonjwa haujaharibu viungo.

Asiyetaka jina: Dada, kaka yangu ndiye anaumwa. Nimepimwa, nimeambiwa nafaa. Nyumbani wameshanunua hadi tiketi. Mimi naogopa, silali. Nikikataa watanifukuza ukoo.

Umefanya vizuri kuandika. Kwanza, kuogopa si kukataa. Mimi niliogopa hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Omba kumwona daktari au afisa ustawi wa jamii peke yako, bila baba, bila mjomba. Ni haki yako na wamezoea. Mwambie yote, mpaka hilo la tiketi. Kama hofu ni ya kisu, atakujibu, na huenda ikapungua. Kama moyo wako unasema hapana, mwambie hapana. Hospitali haitawaeleza ndugu sababu. Wataambiwa tu kwamba hufai kutoa, basi, na faili lako halifunguliwi kwa mtu mwingine. Unaweza kusema hilo leo, kesho, au umeshavaa gauni la upasuaji.

Yule mdogo wetu wa miaka 19 ndiye aliyekaa nami wodini usiku wote baada ya kisu, akinilowesha midomo kwa pamba.